Daftari Lisilofunguka Si Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo walivyosema wahenga wetu, na hapana shaka kila msomaji wa safu hii ameusikia msemo huo tangu utotoni, iwe dukani, iwe kwenye baraza, iwe katika mkutano wa chama cha ushirika. Lakini wahenga walikuwa wakimwonya mtu mwenye mali asiye na daftari. Hawakuliona balaa jipya ambalo sisi limetufikia, nalo ni mali iliyo na daftari, daftari limeandikwa kwa uaminifu siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, ila siku linapohitajiwa halifunguki. Balaa hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na hasa na watendaji wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya fedha za umma.

Katika miongo michache iliyopita maduka, mahoteli, vyama vya kuweka na kukopa, skuli za binafsi, jumuiya za kiraia na taasisi mbalimbali zimeachana taratibu na vitabu vya hesabu vya karatasi na kuingia katika programu za hesabu zinazokaa ndani ya kompyuta ya mezani. Wahasibu wetu wanazijua vyema programu hizo. Ipo QuickBooks ya Marekani, ipo Tally iliyoanzia India katika miaka ya 1980, na zipo nyingine. Programu hizi zimefanya kazi kubwa na nzuri. Urari ambao zamani ulimkesha karani usiku mzima sasa hupatikana kwa kubofya mara moja. Hatuandiki makala haya ili kuzilaani.

Tunachokilalamikia ni mazoea yetu sisi. Tumeiweka kompyuta pembeni mwa ofisi, tumeifunika kitambaa, neno lake la siri analijua mtu mmoja tu, na tumejiaminisha kwamba hesabu zimehifadhika. Siku mhasibu huyo anapohamishwa, au anapostaafu, au anapofariki dunia, au mashine inapoungua kwa umeme uliopanda na kushuka, au leseni ya programu inapomalizika muda wake, ndipo viongozi wanapogundua kwamba kumbukumbu za miaka kumi zimo ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake hawanao. Hapo mwanachama aliyeweka akiba yake huambiwa asubiri, mkaguzi naye huambiwa asubiri, na katika kusubiri huko mwizi, kama yupo, hupata nafasi ya kupumua.

Kabla hatujaenda mbali, yafaa tukumbushane ni kitu gani hasa tunachotaka kihifadhiwe. Mwaka 1494, katika mji wa Venice, mtawa na mwanahesabu Luca Pacioli alichapisha kitabu ambamo alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka hesabu zao. Alitaja vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha kumbukumbu za papo kwa papo, cha pili ni jarida, na cha tatu ni leja. Jarida ndicho kitabu cha katikati, ambamo kila tendo la fedha huandikwa kwa mpangilio wa siku, likionyesha akaunti inayopokea na akaunti inayotoa, kabla ya kupelekwa kwenye leja. Programu za leo zimebadilisha karatasi na wino, lakini hazikubadilisha mpango huo. Ndani ya kila programu ya hesabu limo jarida, hata kama karani anayeandika ankara na stakabadhi kwenye kioo cha kompyuta halioni.

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme ushirika wa akina mama wakulima wa mwani umeuza mzigo kwa shilingi 2,000,000 na fedha zikaingia benki. Jarida litaandika tarehe, namba ya hati, akaunti ya benki kwa upande wa debiti shilingi 2,000,000, akaunti ya mauzo kwa upande wa krediti shilingi 2,000,000, na maelezo mafupi ya tendo lenyewe. Wiki moja baadaye ushirika unanunua kamba na vigingi kwa shilingi 150,000. Jarida litaandika tena, safari hii akaunti ya vifaa ikipokea na benki ikitoa. Mtu akiangalia baki la benki ataona shilingi 1,850,000. Baki hilo ni kweli, lakini halimwambii mama aliyeshinda majini na mwani wake kama mzigo uliuzwa mara moja au mara mbili, wala kama kamba zilinunuliwa kweli. Baki hueleza kilichosalia. Jarida hueleza kilichotokea. Ndiyo sababu taasisi inayohifadhi taarifa za mwisho wa mwaka pekee, bila ya maingizo ya jarida yaliyozaa taarifa hizo, imehifadhi jibu ikatupa hesabu yenyewe.

Hapa visiwani jambo hili lina uzito wa ziada, kwani kwa walio wengi wetu kuandika fedha si adabu ya biashara peke yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, yaani aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu deni. Inawaamrisha wanaokopeshana kwa muda maalumu waliandike deni hilo, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Tuone basi mambo yaliyokusanywa pamoja: mwandishi, maandishi na shahidi. Maandishi ambayo shahidi hawezi kuyasoma mpaka kampuni fulani ya ng'ambo impe ruhusa hayawezi kusemwa kwamba yametimiza shabaha ya agizo hilo.

Wako watakaotujibu upesi kwamba wao hawana hofu, kwa kuwa kila Ijumaa wanachukua nakala ya akiba na kuiweka kwenye flashi. Tunawapongeza kwa bidii hiyo, lakini tunawasihi wasikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kosa kubwa. Nakala ya akiba si sawa na kuyatoa maingizo nje ya programu. Nakala ya akiba ni sanduku lile lile, limenakiliwa na kufuli yake. Faili la akiba la QuickBooks ya mezani hufunguliwa kwa QuickBooks tu, tena iwe ya toleo lile lile au la baadaye. Na faili likishafunguliwa kwa toleo jipya na kubadilishwa, halirudi tena kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo mtu mwenye flashi kumi zilizojaa nakala za akiba, lakini hana programu iliyo hai, ana masanduku kumi na hana ufunguo hata mmoja.

Na ufunguo huo unazidi kuwa adimu. Kampuni ya Intuit, inayotengeneza QuickBooks, ilikoma kuhudumia toleo la mezani la mwaka 2021 tarehe 31 Mei 2024. Baada ya tarehe 30 Septemba 2024 ikaacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya mezani ya Pro Plus na Premier Plus, na kuwaelekeza wanunuzi kwenye huduma ya mtandaoni. Kampuni ile ina haki ya kupanga biashara yake kama ipendavyo. Haikutuahidi kututunzia hesabu zetu milele, na sisi hatukuwa na sababu ya kudhani kwamba ingefanya hivyo. Wajibu wa kutunza hesabu za skuli ya Wete au ushirika wa Makunduchi hauko California. Uko Wete na Makunduchi.

Kuyatoa maingizo nje ya programu, kwa upande mwingine, ni kuliandika upya jarida lote katika umbo ambalo kompyuta yoyote na mtu yeyote anaweza kulisoma. Umbo lililozoeleka zaidi ni faili la maandishi matupu ambamo kila tendo lina mistari yake, na vipengele vya kila mstari vimetenganishwa kwa alama ya mkato. Wataalamu huliita faili hilo CSV. Halina urembo. Halihitaji leseni. Lilisomeka miaka thelathini iliyopita, na hatuoni sababu ya kutosomeka miaka thelathini ijayo.

Kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Katika QuickBooks ya mezani, mhasibu huifungua ripoti ya jarida iliyomo katika kundi la ripoti za mhasibu na kodi, huchagua tarehe zote badala ya mwezi mmoja, kisha huipeleka ripoti hiyo kwenye Excel au kwenye faili la CSV. Asikosee akafikiri kwamba faili la aina ya IIF litamfaa, kwa sababu programu hutoa humo orodha tu, kama vile orodha ya akaunti na ya wateja, na haitoi matendo yenyewe. Wako waliolitoa faili la IIF wakalala usingizi wa raha, kumbe walichohifadhi ni majina bila ya hesabu. Katika Tally, kitabu cha kila siku hutolewa kwa Excel, kwa PDF au kwa XML, nayo XML ina faida ya kubeba vocha nzima na sehemu zake zote.

Lakini kutoa faili si mwisho wa kazi, kwani faili lililotolewa bila kuhakikiwa laweza kudanganya kuliko kutokuwa na faili kabisa. Tunawaomba wahasibu wetu wavumilie tukitaja mambo machache, maana ndiyo yanayowaangusha wengi.

La kwanza ni tarehe. Programu za Kimarekani huanza na mwezi kisha siku, ilhali sisi huanza na siku kisha mwezi. Tarehe 4 Machi ikiandikwa 03/04, msomaji wa hapa ataisoma 3 Aprili, na malipo ya robo moja ya mwaka yatahamia robo nyingine pasipo mtu kuiba hata senti. Dawa yake ni kuanza na mwaka, ukafuata mwezi, kisha siku, ili pasiwe na ubishi.

La pili ni namba za akaunti. Excel ikilifungua faili la CSV huzichukulia namba hizo kuwa ni hesabu, na sifuri zilizotangulia huzifuta. Akaunti 0150 hugeuka 150, na huenda ikagongana na akaunti nyingine. La tatu ni alama ya mkato inayotenganisha maelfu, au iliyomo ndani ya maelezo ya tendo. Ikiwa haikufungwa ndani ya alama za kunukuu, huukata mstari mahali pasipostahili, na kiasi cha fedha huangukia kwenye safu isiyokuwa yake. La nne ni ukubwa. Excel za zamani zilikomea mistari 65,536 katika karatasi moja, na zilizofuata zikafika mistari 1,048,576. Taasisi yenye miaka mingi ya matendo, ikitumia faili la aina ya zamani, yaweza kukatiwa mkia wa jarida lake bila kutambua.

La tano linahusu zaidi mahoteli yetu na wote wanaopokea fedha za kigeni. Maingizo yakitolewa kwa shilingi pekee, bila kuonyesha kwamba tendo lilikuwa la dola na lilibadilishwa kwa kiwango gani, mkaguzi hataweza kulioanisha na taarifa ya benki. Aina ya fedha, kiasi cha asili na kiwango cha kubadilishia havina budi kutolewa pamoja na ingizo.

Kinga ya makosa yote hayo ni ile ile aliyoijua Pacioli: pande mbili lazima zilingane. Mhasibu ajumlishe debiti zote na krediti zote katika faili lililotolewa. Zisipolingana, faili halifai. Zikilingana, achukue jumla ya kila akaunti na kuilinganisha na urari uliotolewa na programu siku hiyo hiyo. Ahesabu pia idadi ya matendo, aone kama inaoana. Kisha atoe orodha ya akaunti na mabaki ya kuanzia, maana jarida pekee halimwambii mgeni akaunti 4100 ni ya nini. Mwisho aweke humo namba za hati, ili faili la stakabadhi na vocha za karatasi lililoko kabatini liweze kuoanishwa na kila mstari. Programu haitoi stakabadhi iliyopigwa muhuri. Hiyo itabaki kuwa karatasi, na lazima itunzwe.

Upo pia ushahidi mwingine usiobebwa na jarida la kawaida, nao ni kumbukumbu ya mabadiliko: nani aliandika, nani alifuta, na lini. Ingizo lililobadilishwa usiku wa kuamkia ukaguzi huonekana safi kabisa katika jarida. Ripoti ya mabadiliko ndiyo inayomfichua mbadilishaji. Nayo itolewe na kuhifadhiwa pamoja na jarida. Nchini India, tangu tarehe 1 Aprili 2023, kampuni inayotunza vitabu vyake kwa programu imetakiwa itumie programu inayorekodi kila badiliko na isiyoruhusu rekodi hiyo kuzimwa. Agizo hilo lilikusudia kuufunga mlango ambao sisi tumeuacha wazi.

Wala India si pekee. Ufaransa, tangu mwaka 2014, inamtaka kila mfanyabiashara anayetunza hesabu kwa kompyuta, anapokaguliwa kodi, amkabidhi mkaguzi faili la maingizo yake yote ya hesabu katika umbo moja lililowekwa na sheria, lenye vipengele 18, kuanzia jina la jarida na namba ya ingizo hadi debiti, krediti na aina ya fedha. Ureno ilianza mwaka 2008 kutumia mtindo wake wa faili la ukaguzi, kwa kufuata mwongozo uliotolewa mwaka 2005 na shirika la OECD. Nchi hizo hazikuwalazimisha wananchi wake kununua programu moja. Zilisema tu: tumia uipendayo, lakini iweze kutoa jarida kwa umbo tunalolijua. Wauzaji wa programu waliitikia, kwa sababu programu isiyoweza kutoa faili hilo ilikosa soko. Hilo ndilo somo kwa watendaji wetu. Serikali inayotamka wazi inachokitaka huheshimiwa na wauzaji.

Sasa tuwajibu wale wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa dawa ni kuhamia moja kwa moja kwenye programu za mtandaoni. Sisi hatupingi kuhamia huko. Kwa taasisi nyingi ni hatua ya busara. Lakini mtu hahamii nyumba mpya kwa kuacha vyombo vyote katika nyumba ya zamani, na wengi wanaohama huhamisha mabaki tu na kuyaacha maingizo ya miaka iliyopita yaoze katika kompyuta iliyosukumwa stoo. Aidha, sisi ni watu wa visiwani, na kisiwa hujua maana ya kutegemea waya uliopita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano, EASSy na Seacom, zilikatika katika bahari ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kabla ya hapo, mwezi Mei mwaka 2008, Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja. Na tarehe 10 Disemba 2009 giza lilirudi tena na kudumu hadi mwezi Machi 2010. Aliye na jarida lake mkononi, hata likiwa kwenye karatasi, aliweza siku hizo kujua nani anamdai na nani anadaiwa. Aliyeliweka mahali pamoja tu alisubiri.

Karatasi nayo tusiitukuze kupita kiasi. Hewa yetu ya chumvi, unyevunyevu na mchwa havina huruma na makabati, na majumba yenyewe si ya milele. Sote tulishuhudia namna sehemu ya jumba la Beit al Ajaib ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Ndiyo maana hatusemi karatasi badala ya kompyuta, wala kompyuta badala ya karatasi. Tunasema nakala zaidi ya moja, kwa umbo linalosomeka, mahali tofauti.

Historia imetuachia funzo juu ya jambo hilo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao la karafuu. Lau mikarafuu yote ingekuwa imepandwa Unguja peke yake, uchumi wa visiwa hivi ungeng'oka na mizizi yake. Tuna visiwa viwili vikubwa vilivyotenganishwa na bahari, na hiyo ni hazina ya usalama ambayo nchi kavu haina. Hesabu za Unguja ziwe na nakala Pemba, na za Pemba ziwe na nakala Unguja.

Kwa hiyo gazeti hili linapendekeza mambo matano kwa Serikali na kwa wakuu wa taasisi.

Kwanza, kila taasisi ya umma, kila chama cha ushirika, na kila jumuiya inayopokea ruzuku au michango ya wananchi, itakiwe katika muda wa siku 30 baada ya kufunga mwaka wake wa fedha iwe imetoa jarida lake lote nje ya programu, ikalihakiki dhidi ya urari, na mhasibu pamoja na mkuu wa taasisi wakatia saini kwamba jumla zinalingana.

Pili, liwekwe umbo moja la faili hilo. Halihitaji vipengele 18 kwa kuanzia. Tarehe, namba ya ingizo, namba ya hati, namba ya akaunti, jina la akaunti, maelezo, debiti, krediti, aina ya fedha na kiwango cha kubadilishia, hivyo kumi vyatosha kwa chama kidogo na kwa shirika kubwa.

Tatu, pasinunuliwe programu yoyote ya hesabu kwa fedha za umma ikiwa mkataba wake hausemi wazi kwamba mnunuzi anaweza kutoa maingizo yote, wakati wowote, bila malipo ya ziada, hata baada ya leseni kumalizika. Kamati ya zabuni ilitake hilo lionyeshwe kwa vitendo kabla ya kutia saini. Muuzaji akionyesha namna ya kuingiza taarifa, aambiwe aonyeshe pia namna ya kuzitoa.

Nne, kompyuta kuukuu zisipigwe mnada wala zisitupwe mpaka mhasibu na mkaguzi wa ndani wamethibitisha kwa maandishi kwamba jarida lililomo limekwisha kutolewa. Hili ni la haraka kuliko yote, kwa sababu kila mashine inayotupwa bila kukaguliwa huenda ikatupwa na miaka kadhaa ya historia ya fedha za watu.

Tano, ufunguo usiwe wa mtu mmoja. Kila taasisi iwe na watu wasiopungua wawili wanaojua kulitoa jarida, na neno la siri la msimamizi litiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ikae ndani ya kasha la mkuu wa taasisi. Faili lililotolewa nalo lilindwe, maana limebeba mishahara na madeni ya watu, na si haki lizunguke mitaani kwenye flashi isiyo na mwenyewe.

Tunajua watakaonung'unika. Karani aliyelemewa atasema hii ni kazi juu ya kazi. Tunamwelewa, lakini kwa taasisi ya wastani, baada ya kuizoea, ni kazi ya siku moja au mbili kwa mwaka, na ikilinganishwa na miezi ya kukusanya upya stakabadhi zilizopotea, si mzigo bali ni nafuu. Mkurugenzi asiyependa vitabu vyake visomwe naye atanung'unika, huenda kwa sauti kubwa zaidi, na kwa huyo hatuna pole ya kumpa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hawezi kukagua asichoweza kukifungua, wala Baraza la Wawakilishi haliwezi kuhoji lisichoonyeshwa. Jarida lililofungiwa humfaa mtu wa namna moja tu, yule ambaye hesabu zake hazisimami.

Na wananchi wa kawaida nao wasikae kando wakidhani jambo hili ni la wataalamu. Mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa ana haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza: jarida letu la mwaka jana liko wapi, limetolewa nje ya programu, nani amelihakiki, na nakala ya pili iko kisiwa gani? Hahitaji kujua kompyuta ili kuuliza hivyo. Akijibiwa kwa ufasaha, aketi kwa amani. Akijibiwa kwamba hesabu zimo kwenye mashine na anayeijua mashine hiyo amesafiri, asiketi.

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ambayo Serikali hufunga mwaka wake wa fedha. Tunawaomba wakuu wa taasisi wasiingoje. Wiki hii hii, kila mmoja wao amwite mhasibu wake, aketi naye mbele ya kompyuta, na amtake alitoe jarida la mwaka uliopita mbele ya macho yake, kisha alifungue katika kompyuta nyingine isiyokuwa na programu ile. Likifunguka na jumla zikalingana, wote wawili wamefanya kazi yao. Lisipofunguka, wamshukuru Mungu kwamba wamejua leo, mashine ikiwa bado inawaka.